Njia ya Mkato

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengi wetu tumelelewa na methali hii, na sina ugomvi nayo inapohusu mitihani, kilimo au kujenga nyumba. Ninachojiuliza ni kama inahusu pia unene. Mtu aliyepungua kilo 37 baada ya kufanyiwa upasuaji, hakuinama? Na kama hakuinama, ametukosea nini sisi tunaoamini katika kuinama?

Ninasoma shahada ya uzamili katika falsafa, kwa hiyo watu hudhani maswali yangu yote hutoka vitabuni. Hili limetoka kwa mama yangu mdogo, ambaye ameniruhusu kuandika habari zake kwa sharti nisimtaje jina wala mtaa. Anauza vitenge Kariakoo. Mwaka juzi, akiwa na miaka 46, alikuwa na kilo 124 kwa urefu wa mita 1.60, kisukari cha miaka saba, presha, na magoti yaliyomlazimisha kupumzika mara tatu kabla ya kumaliza ngazi za ghorofa moja. Aliuza kiwanja chake cha Chanika kwa shilingi milioni 16, akaongezea milioni 3 alizotoa kwenye kikoba, akaenda Mumbai kupunguzwa mfuko wa chakula. Bima yake haikuchangia hata senti. Mimi nilikwenda naye kama msindikizaji, kwa kuwa nilikuwa likizo na ndiye ninayezungumza Kiingereza bila kutafuta maneno.

Kabla ya safari ukoo ulikaa kikao. Nilitarajia watu waogope kisu. Mjomba aliogopa kitu kingine. "Ardhi haiuzwi kwa ajili ya mdomo," alisema. "Funga mdomo, utapungua bila kutoa senti tano." Aliongeza kuwa milioni 19 ingewasomesha watoto wake wawili kwa miaka kadhaa, na hapo hakutia chumvi. Bibi naye alikataa, kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Kwake binti yake amenawiri, na kunawiri ni baraka. Akikonda watu watasema nini? Bibi anaikumbuka miaka ya 1990, ambapo mtu akipungua ghafla majirani walinong'ona na kumhesabia siku. Basi katika sebule moja, mwili mmoja ulikuwa dhambi na neema kwa wakati mmoja, na mwenye mwili alikaa kimya akiwapakulia wageni pilau.

Mjomba ndiye anayestahili kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu alisema kile ambacho wengi wetu tunakifikiri lakini tuna adabu ya kutokisema. Hoja yake ina sehemu mbili. Kwanza, unene ni tabia, na tabia hurekebishwa kwa nia. Pili, anayenunua kwa fedha kile kinachopatikana kwa nia amechukua njia ya mkato, na njia ya mkato ni aina ya udanganyifu.

Sehemu ya kwanza ina ukweli mdogo sana. Mama mdogo alikwishafunga mdomo. Nimemwona akiishi wiki sita kwa kabichi ya kuchemsha. Nimemwona akinywa maji ya limao alfajiri, akiacha ugali na wali, akitembea kila jioni mpaka magoti yakavimba. Mwaka 2019 alipungua kilo 18. Mwaka uliofuata zote 18 zilirudi, zikaja na nyingine sita. Nilidhani hayo ni ya kwake peke yake mpaka niliposoma utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani liitwalo The Biggest Loser. Watu hawa walipungua makumi ya kilo mbele ya kamera, kwa njaa na mazoezi ambayo mjomba angeyapigia makofi. Miaka sita baadaye wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito ule, na miili yao iliunguza takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Mwili uliopungua huamini kwamba njaa kuu imeingia nchini. Hubana matumizi, huongeza homoni zinazodai chakula, kisha husubiri. Nia ya mtu hulala usiku. Homoni hazilali.

Upasuaji aliofanyiwa unaingilia hapo hapo. Kupitia matundu madogo matano, daktari alikata na kutoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, akaacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Kilichotolewa hakirudishwi. Sehemu hiyo ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa ambayo wanasayansi wa Japani waliitambua mwaka 1999. Kwa hiyo kisu hakikupunguza chombo tu, kilipunguza pia sauti inayodai chombo kijazwe. Faida yake si ya kioo tu. Uchunguzi mrefu wa Sweden, ulioanza kusajili watu mwaka 1987, ulionyesha mwaka 2007 kwamba watu wanene waliofanyiwa upasuaji wa aina hizi walikufa wachache kuliko wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida.

Ningeweza kumjibu mjomba kwa kumsimulia jinsi njia yenyewe isivyo fupi. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe mama mdogo aliishi kwa vinywaji karibu peke yake ili ini lisinyae na daktari apate nafasi. Jioni ile ile, kichwa kikiwa bado kizito kwa nusu kaputi, nesi alimwinua atembee koridoni na dripu yake ili damu isigande miguuni. Kesho yake alianza kunywa maji kwa kikombe kidogo cha mililita 30, kama kipimo cha dawa ya kikohozi, na kazi yangu ilikuwa kushika saa asizidishe. Tulikaa siku 12 katika chumba cha kupanga, tukinunua madafu na supu ya kuchujwa. Mwezi wa nne nywele zilianza kukatika. Vitamini B12, chuma na kalsiamu atameza maisha yake yote.

Lakini sitaki kushinda kwa hoja hiyo, kwa sababu inaikubali sheria ya mjomba, kwamba mtu lazima aumie kwanza ndipo astahili. Tuseme upasuaji usingeuma hata kidogo. Tuseme ingekuwa kidonge kimoja, unameza jioni, unaamka umepona kisukari na magoti hayalii. Je, hapo ndipo angekuwa amekosea?

Fikiria mbio za marathoni za Moshi. Mtu akikodi bodaboda kilomita ya kumi, akashuka karibu na utepe na kunyoosha mikono juu, amedanganya, kwa sababu katika marathoni njia ndiyo jambo lenyewe. Lakini mtu akichukua bodaboda kwenda sokoni kununua nyanya, hakuna atakayemwambia kwamba nyanya zake si halali. Njia ya mkato ni kosa pale tu ambapo safari ndiyo iliyokuwa na thamani. Sasa, afya ni marathoni au ni soko? Kwa magonjwa mengine tulishajibu. Kwa miaka mingi serikali yetu ilipeleka wagonjwa wa moyo India, na leo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hapa Dar es Salaam. Sijasikia mtu akimwambia aliyezibuliwa mshipa wa moyo kwamba angekimbia kila asubuhi angezibuka mwenyewe, ingawa mishipa mingine iliziba kwa sigara na nyama choma. Mgonjwa wa moyo tunamwombea dua. Mgonjwa wa unene tunampa methali.

Nadhani sababu ni kwamba tunauona mwili mnene kama cheti cha tabia, kinachosomeka kwa mbali bila kuombwa. Hapa wanafalsafa wawili wamenisaidia kuona kinachogombaniwa. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, anatuelekeza kwa mtu anayefanya wema ingawa moyo wake umekauka na hauna mvuto wowote wa kuufanya. Kwake thamani ya tendo huonekana wazi hapo, linapofanywa kwa wajibu tu. Mjomba hajamsoma Kant, lakini angemwelewa. Sahani iliyokataliwa na mtu mwenye njaa ina sifa. Sahani iliyokataliwa na mtu asiye na njaa haina. Aristotle aliliona kwa namna nyingine. Katika Maadili ya Nikomako anamtenganisha mtu mwenye kiasi na mtu anayejizuia. Anayejizuia ana tamaa mbaya na anaishinda. Mwenye kiasi hana tamaa hiyo, na kwa Aristotle huyu wa pili ndiye bora. Vita ndani ya nafsi si medali, ni dalili kwamba bado kuna kisichokaa sawa.

Ukimfuata Aristotle mpaka hapo, mama mdogo amepanda daraja. Anakula vijiko vinne vya wali, anatosheka, anasogeza sahani bila uchungu. Lakini Aristotle angenizuia nisishangilie mapema. Kiasi anachokisifu hujengwa kwa mazoea ya miaka, na mtu hukimiliki kama anavyomiliki ufundi wa mikono yake. Kiasi kilichopatikana mezani pa upasuaji, angeuliza, ni cha nani: ni cha mama mdogo au ni cha daktari? Hilo ni swali zuri, na jibu langu ni kwamba alikuwa na mazoea hayo siku zote. Wiki zile sita za kabichi zilikuwa mazoea. Kilichokosekana ni mwili unaoyaruhusu yashike. Mkulima hodari asiye na mvua si mvivu, na mvua ikinyesha mavuno yanabaki kuwa yake.

Sehemu ya pili ya hoja ya mjomba, basi, naiweka chini. Kuna hoja nyingine ambayo mjomba hakuitoa na inaninyima usingizi zaidi. Siku ya kwanza hospitalini daktari aliuliza kwa nini anataka upasuaji. Nilijiandaa kutafsiri sukari na presha. Mama mdogo alifikiri kidogo, akaniambia, "Mwanangu, mwambie nataka kupanda daladala bila konda kunidai nauli ya watu wawili." Nilitafsiri hivyo hivyo. Daktari alitabasamu, akaandika kisukari.

Kama shida ni konda, kwa nini likatwe tumbo badala ya kurekebishwa daladala? Tunawalaumu, na kwa haki, wanaouza mkorogo kwa wasichana walioambiwa tangu utotoni kwamba weupe ndio uzuri. Tunasema anayepaswa kubadilika ni jamii, ngozi haina kosa. Je, kisu cha Mumbai si mkorogo wa gharama kubwa zaidi? Nimelizungusha swali hili miezi mingi. Tofauti ninayoiona ni kwamba weusi haumdhuru mwenye ngozi kwa namna yoyote ila kupitia watu, wakati unene wa kiasi kile ulikuwa unamla magoti na mishipa hata akiwa peke yake chumbani. Ila tofauti hiyo haiko wazi kila mahali. Kipimo kinachoamua nani anenepe kiasi gani ndipo akatwe kilianza kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi, wala hakuwa akimtibu mtu mmoja. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka mpaka kwenye 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoambatana. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha mpaka hadi 35 kwa yeyote, na 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mama mdogo alikuwa na 48, hakubishaniwa. Lakini kadiri mpaka unavyoshuka, ndivyo idadi ya wanaokatwa kwa ajili ya konda inavyoweza kuongezeka, na ndivyo konda anavyozidi kuamini kwamba alikuwa na haki.

Sidhani kwamba hilo linampa mtu yeyote ruhusa ya kumwambia mama mdogo angesubiri. Kumtaka mtu mmoja abebe aibu ya daladala kila siku ili jamii ijifunze ni kumfanya kitabu cha kiada. Sisi ambao hatudaiwi nauli mbili ndio tunaopaswa kumkatalia konda, kwa sauti, garini, na hiyo haihitaji kiwanja.

Yapo maneno aliyoyatumia kumfunga mjomba mdomo siku ile ya kikao: "Pesa yangu, mwili wangu." Nilifurahi aliposema, lakini si kweli yote. Mgonjwa wa kujilipia hufikiri amemaliza hesabu dirishani. Tulilipa dola 5,500 hospitalini, bado tiketi, viza na chumba, na kwa fedha hiyo tulipata daktari bingwa kwa siku chache. Mfuko wa chakula uliobaki ulirudi Dar es Salaam. Kama mshono ungevuja wiki ya tatu, asingekimbizwa Mumbai, angekimbizwa hospitali ya umma, kwa zamu ya usiku ambayo haikumpasua na haijui alichofanyiwa zaidi ya karatasi tulizobeba. Madaktari wa Uingereza wamekuwa wakilalamikia jambo hilo hilo kuhusu wagonjwa wanaorudi na madhara ya upasuaji wa bei nafuu wa Uturuki. Faida hulipwa ng'ambo, hasara huletwa nyumbani. Mama mdogo hakupata hasara hiyo, na daktari wa kisukari hapa amekubali kumfuatilia, amemwachisha dawa mbili kati ya tatu. Lakini daktari huyo, maabara ile na foleni ile ni vya wote. Mwili ni wake; mzigo wa kuutunza ulikuwa tayari umegawanywa.

Na ndiyo maana sikuweza kulichukulia kwa wepesi alilolifanya aliporudi. Kwenye kikoba walimwona akipungua mwezi baada ya mwezi. Walipomuuliza siri, alisema ni maji ya limao ya vuguvugu, kutembea, na kujinyima. Alisema hivyo kwa sababu aliijua sheria: aliyeteseka anasifiwa, aliyetibiwa anasengenywa. Ana haki ya siri yake, na hakuna anayedaiwa kutangaza matumbo yake kikobani. Angeweza kunyamaza. Ila hakunyamaza, alitoa maelekezo, na watu wakayafuata. Mmoja wao, mama mwenye kisukari kama yeye, alijinyima mpaka akazimia kwenye genge lake, na alipozinduka jambo la kwanza alilosema ni kwamba yeye hana nia kama ya mwenzake.

Njia ya mwongo ni fupi. Kama kulikuwa na njia ya mkato katika habari hii nzima, ni hiyo, wala haikupitia chumba cha upasuaji. Simlaumu peke yake, kwa maana uongo ule tuliutunga sote, siku tuliyoamua kwamba mwili lazima uwe na jasho ndani yake ndipo upongezwe. Uongo hulinda heshima ya msemaji na papo hapo huilisha sheria inayomtisha. Kila anayesema ni limao anamwongezea mwingine sababu ya kusema ni limao.

Nilimwambia hivyo, kwa heshima na kwa kirefu kupita kiasi, kama tunavyofanya sisi wa vyuoni. Alinisikiliza, hakunijibu. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa yule mama, akamfungulia gauni kidogo kumwonyesha makovu matano madogo. Nilitegemea yule mama akasirike au alie. Alichouliza ni, "Shilingi ngapi?" Mama mdogo akamtajia. Yule mama akacheka, akasema yeye hajawahi kuwa na kiwanja.

Nimefikiri sana kuhusu swali lile la shilingi ngapi, kwa sababu limepita juu ya kila kitu nilichoandika hapo juu. Mabishano yetu kuhusu nia na njia za mkato ni mabishano ya watu ambao, wakishindwa kwa nia, wana cha kuuza. Ushauri wa kufunga mdomo unapendwa sana, na nashuku sababu mojawapo ni kwamba hauigharimu serikali wala bima wala ukoo; gharama yote anabeba aliyeshauriwa. Tukikubali kwamba unene wa kiasi kile ni ugonjwa, bili inahama mikono, na wengi wetu tutatamani tungebaki na methali. Hospitali ya Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekwisha kuanza kuweka puto tumboni kwa wanaohitaji kupungua, nalo pia lina bei.

Siku hizi wale wawili huenda pamoja kliniki ya kisukari. Yule mama bado ni mnene, sukari yake imeshuka kidogo kwa dawa. Mama mdogo humshikia foleni, kwa kuwa sasa yeye ndiye anayeweza kusimama muda mrefu, na akiulizwa kikobani amepunguaje, anasema amepasuliwa.